Wadudu wa Koti la Baba Jofrey

Wewe ulishawahi kumwona mzee wa kanisa, mwenye wajukuu na heshima zake, akiingiza wadudu nyumbani kwake kwa mkono wake mwenyewe? Mimi nimemwona. Nimeolewa naye.

Ila nisianze na wadudu. Nianze na kobe, maana bila kobe hao wadudu wasingekuwa na pa kukaa.

Kobe ni wa mjukuu wetu Eveline, binti wa kwanza wa mwanetu Jofrey. Anafanya kazi Makambako, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana alimkuta huyo kobe kando ya reli, amejifungia ndani ya gamba lake, watoto wanamgonga na vijiti kama wanaobisha hodi. Akamwokota. Chumba alichokuwa amepanga kilikuwa na upana wa mkeka, na mwenye nyumba hakutaka mnyama wa aina yoyote. Basi Jumamosi moja nikamwona mtoto anaingia uani hapa kwetu Njombe amekumbatia boksi la biskuti lililotobolewa matundu, akaniambia, "Mke mwenzangu, nimewaletea mtoto wa kulea."

Usishangae mimi kuitwa mke mwenza. Babu na mjukuu ni watani, na hawa wawili wamezidi. Yeye humwita babu yake "mume wangu", babu humwita yeye "mchumba", na mimi kati yao ni kikwazo tu, bibi kizee aliyegoma kuondoka.

Baba Jofrey alimtazama kobe vile anavyomtazama mtu anayeingia kanisani mahubiri yakiwa yameshaanza.

"Analiwa huyu?"

"Haliwi, babu."

"Anataga?"

"Ni dume."

"Mwizi akija, anabweka?"

"Babu jamani."

"Basi hilo ni jiwe lenye miguu. Mchumba, wenzako wanaleta sukari, wewe unaniletea jiwe."

Jina lake Mwendokasi. Eveline ndiye aliyempa, na kobe mwenyewe hakupinga.

Sasa Njombe unaijua. Juni na Julai umande unaganda mweupe juu ya majani ya viazi, na maji ya kunawia yanakuuma vidole kama mbwa. Kobe si mnyama wa baridi. Baba Jofrey akaguna, akatafuta vipande vya mbao za paini vilivyobaki tulipojenga banda la kuku, akapigilia sanduku zuri, refu kama kitanda cha mtoto, lenye mfuniko wa wavu upande mmoja na bati upande mwingine. Akaliweka jikoni, palepale ukutani ambako jiko la kuni likiwaka ukuta unapata joto hadi jioni. Chini akatandika maranda makavu kutoka kwenye mashine ya mbao. Chombo cha maji kikawa kifuniko cha ndoo ya rangi. Misumari yote aliipinda kwa ndani ya mbao, kisha akapitisha kiganja chake humo kukagua kama kuna kinachochoma. Alipomaliza akasema, "Nafanya hivi nisije nikalaumiwa na mchumba. Mimi na huyu mnyama hatuna mazungumzo."

Hatuna mazungumzo. Yakumbuke maneno hayo, maana baada ya wiki chache nilimkuta anamwelezea kobe habari za bei ya mbolea.

Tena nikuambie kuhusu mguu. Kabla kobe hajaja, Baba Jofrey alianguka kutoka kwenye ngazi tukivuna parachichi, mguu wa kushoto ukavunjika. Mfupa uliunga vizuri. Daktari akamwambia, mzee, dawa iliyobaki ni kutembea, kila siku, hata kidogo. Hakutembea. Alikaa kwenye kiti cha barazani, fimbo katikati ya magoti, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nikimbembeleza ananijibu, "Nitembee niende wapi? Mimi sina safari." Nikamwambia twende wote hadi barabarani tukarudi. Tulikwenda mara moja. Alipoona ninamsubiri kila baada ya hatua chache, akasema ana kazi nyumbani, akageuka.

Alipokuja Mwendokasi mambo yakawa mengine. Jua likishapanda na ukungu kutoka, Baba Jofrey anamtoa kobe sandukuni, anamweka chini, anamfuata na fimbo yake. Wanazunguka nyumba. Wanapita kwenye chainizi zangu, kobe anakula jani, mzee anasimama anangoja. Wanatoka njiani, wanafika kwenye uzio wa Mzee Timoth, wanarudi. Wapita njia wanamwuliza, "Kamwene, Mzee Ezekieli, mnaelekea wapi leo?" Anawajibu, "Muulizeni huyu aliyetangulia." Wanacheka, wanampiga picha kobe, wanaendelea na njia yao. Mimi nilikuwa natazama dirishani na kimya changu. Mume wangu ukimsifia kwa jambo, kesho analiacha. Lakini nilikuwa naona: ngazi za kanisani alikuwa ameshaanza kuzipanda bila kumshika mtu bega.

Basi mwezi wa sita Eveline akapiga simu. Alikuwa amehamia nyumba nyingine hukohuko Makambako, kwa mama mmoja anaitwa Mama Margareth, kuna ua wa ukuta na nyasi, na joto la kule ni afadhali kuliko letu. Akasema amemkumbuka Mwendokasi wake, mwisho wa mwezi anakuja kumchukua.

"Njoo umchukue hata kesho," babu yake akamjibu. "Amenichosha. Anakula kuliko mimi."

Akanirudishia simu. Siku hiyo ugali wake aliuacha nusu, akasema unga una uchungu. Unga ni uleule wa jana.

Wiki hiyohiyo ndipo nikaona wadudu. Hawa wa kwanza walikuja wenyewe, nawatetea. Kobe alikuwa amepindua kifuniko cha maji, maranda yakalowa pembeni, yakafanya ukungu mweupe, na juu ya ule ukungu nikaona vitu vidogo kama chembe za chumvi. Nilipofukua kwa kijiti zile chembe zikarukaruka.

Nikajua ni utitiri wa kuku. Aliyewahi kuingiliwa na utitiri ndani ya nyumba hasahau. Unajikuna mpaka kwenye sala ya Bwana. Nikampigia Eveline nimpe taarifa. Naye, kwa uaminifu wake, akamwambia Mama Margareth. Kumbe Mama Margareth analea vifaranga vya kuuza, chumba kizima, chini ya taa. Mama wa watu akasema neno moja: kobe mwenye vidudu havuki geti langu.

"Basi bibi," Eveline akaniambia kwa unyonge, "tusubiri mpaka wadudu waishe. Wakiisha nakuja."

Baba Jofrey alikuwa pembeni anajifanya anatengeneza redio. "Wadudu ni kitu kibaya sana," akasema. Siku hiyo alimaliza ugali, akaomba ukoko.

Mimi nikafanya kazi. Kwanza nilitaka kunyunyiza pareto, ule unga wa maua tunaowawekea kuku, lakini mzee akanizuia, na hapo alikuwa na haki: kobe anakula chakula chini, angelamba na dawa. Nikatoa maranda yote, nikayachoma. Sanduku nikalimwagia maji yanayochemka, kona kwa kona, nikalianika juani siku nzima. Mwendokasi nikamwogesha kwenye karai kwa maji ya vuguvugu, nikamsugua gamba kwa mswaki wa zamani, na kwenye makunjo ya miguu nikapitisha kitambaa. Alitoa shingo akaitazama mikono yangu kama bwana anayekatwa nywele. Nikatandika maranda mapya, makavu, na kifuniko cha maji nikakizungushia vijiwe kisipinduke.

Kabla ya kuchoma yale ya zamani, nilifanya jambo ambalo mama yangu alinifundisha. Nilikung'uta maranda kidogo juu ya karatasi nyeupe, nikawaponda wale wadudu kwa kidole. Utitiri ukiuponda unaacha alama nyekundu, maana umekunywa damu ya mtu au ya kuku. Hawa hawakuacha kitu, unyevu tu. Nikaweka mkono sandukuni, nikangoja, haukuwasha. Nikaelewa kwamba hawa ni wale wadudu wa majani yaliyooza, wanakula ukungu, hawana habari na kobe wala na mtu. Ukiwanyima unyevu wanaondoka.

"Tumepona," nikamwambia Baba Jofrey. "Si utitiri. Ngoja nimpigie Eveline."

"Usiharakishe," akasema. "Mtu mzima hathibitishi jambo siku moja. Ngoja ipite Jumapili."

Ikapita Jumapili. Jumatatu asubuhi nafunua bati, wadudu hao. Wamejaa, wanacheza.

Nikasafisha tena. Maji ya moto, jua, maranda mapya. Wakapotea. Ikafika Ijumaa wakarudi. Nikasafisha tena. Mimi niliishia darasa la saba na sikuwahi kuongoza darasa, lakini uvumilivu ninao, na mtu mvumilivu huona vitu. Nikaona kwamba maranda ni makavu kila mahali isipokuwa kona moja, ile iliyo karibu na mlango. Pale palikuwa na udongo mweusi umefukiwa vizuri chini ya maranda, kama mtu aliyepanda kitunguu. Nikajiuliza, kobe ameanza kilimo?

Siku ya kufua nikashusha koti la Baba Jofrey kwenye msumari. Lile la kijivu la mtumba, lenye mfuko mmoja ulioshonwa kwa uzi wa buluu. Huwa napekua mifuko kwanza, kwa sababu ya leso na peremende. Nikaingiza mkono. Nikatoa majani ya mparachichi yaliyooza, yamelowa, yananuka kama udongo wa chini ya mti. Nikayaweka kwenye kiganja nikayasogeza mwangani. Chembe za chumvi zikaanza kuruka.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikacheka mpaka kuku wakasogea. Mparachichi wenyewe uko nyuma kabisa, kule maji ya kufulia yanakotuama. Mtu ambaye daktari alimbembeleza atembee, alikuwa anakwenda hadi kule kuchota wadudu.

Koti sikulifua. Nililirudisha kwenye msumari na mzigo wake.

Wakati wa chai nikamwuliza, "Baba Jofrey, hawa wadudu wetu wanatoka wapi, wewe uliyekaa duniani miaka mingi?"

"Ni hali ya hewa."

"Mimi naona kama wanaletwa na usafiri."

"Usafiri gani?"

"Sijui. Labda wana gari lao la kijivu."

Akanywa chai muda mrefu. "Mama Jofrey," akasema, "sukari imekuwa nyingi."

Ningeweza kumwambia palepale kwamba nimejua. Ningeweza pia kumpigia Eveline nimwambie, mwachie babu yako kobe. Lakini hapana. Mtu ana mdomo wake, na ameutumia kwenye baraza la wazee kugombania rangi ya mapazia ya kanisa. Ashindwe kuutumia kwa mjukuu wake? Na bado nilikuwa na hofu moja ya kweli, siyo ya utani: kwamba kobe ataondoka, na kile kiti cha barazani kitampata mtu wake tena.

Nikampigia Eveline. "Njoo Jumamosi. Wadudu nimewamaliza."

Jumamosi hiyo niliamka nikalisafisha sanduku mara ya mwisho. Mwendokasi nikamleta sebuleni kwenye karai kavu, nikaweka kigoda changu kando ya karai, nikaketi nikashona. Sikuondoka. Baba Jofrey akapita, koti limefungwa vifungo vyote.

"Hupiki leo?"

"Nimeshapika."

Akatoka. Akarudi. "Nasikia kama mbuzi yuko kwenye chainizi zako."

"Mbuzi wa nani? Mzee Timoth aliwauza wote."

"Labda amerudi mmoja."

"Akimaliza ataondoka."

Akakaa. Akanyanyuka. Mkono wake ulikuwa mfukoni, haukutoka. Nikaendelea kushona, sindano hii, uzi huu, na cheko langu nikalimeza kama kidonge.

Eveline akafika saa ya chakula, na boksi jipya, na karatasi nyeupe aliyopewa na Mama Margareth mwenyewe. Nilikuwa nimemweleza kwenye simu jinsi ya kupima. "Mke mwenzangu, hujambo? Mume wetu mbona amevaa koti ndani ya nyumba?"

"Ana baridi ya moyo," nikamjibu.

Akamwinua kobe, akamkung'uta taratibu juu ya karatasi, akampitishia kitambaa kwenye mikunjo. Tukainama wote. Karatasi nyeupe, safi kama shuka la wageni.

"Bibi, wewe ni fundi," akasema.

Baba Jofrey naye alikuwa ameinama. Hapo pua ikamwasha, akatoa leso mfukoni kwa haraka, na leso ikatoka na bonge la majani yaliyooza, likaanguka katikati ya karatasi, pah. Wadudu wakatawanyika kila upande kama watoto kengele ya shule ikigongwa.

Eveline akatazama karatasi, akatazama koti, akamtazama babu yake.

"Mume wangu," akasema polepole, "kumbe ulikuwa unanifugia mifugo mingine?"

Akaanza kucheka, akakaa chini kabisa. Nami nikacheka, sikuweza tena. Baba Jofrey akajifuta pua kwa hadhi yote iliyobaki.

"Si nilikuwa nakutafutia mahari," akasema. "Ukinizidi kwa kobe mimi nikuzidi kwa wadudu."

"Mwongo wewe. Hutaki kobe aondoke."

"Aka, mimi? Ingawa ukiniachia huyo kobe sitakushtaki. Wewe si uliniacha nikabaki na huyu bibi kizee? Niachie basi hata jiwe."

"Hapo sasa. Kobe nikuachie, halafu mke mwenzangu atakula nini, wivu?" Akazidi kucheka, akampangusa Mwendokasi majani, akamtia kwenye boksi. Akafunga kwa kamba ya katani, fundo zuri.

Ndipo nikaona ubaya wa utani wao. Maneno yalikuwa yametoka kinywani mwake, kabisa kabisa, niachie kobe, na mtoto hakuyasikia. Angesikiaje? Tangu azaliwe, babu huyu amemwambia ataiba mwezi amletee, ataacha uzee wa kanisa amfuate Makambako, atamnunulia ndege. Hili nalo lilikwenda kukaa na yale.

Tukala. Viazi, maharage, na kuku mmoja niliyemchinjia mgeni. Eveline akasimulia habari za dukani, za mteja aliyerudisha bati baada ya kulitumia. Mzee alikuwa anasema "ee" mahali pa "ee". Mfupa wa kuku alioupenda ulibaki kwenye sahani. Eveline alimwona, nadhani, lakini akadhani ni aibu ya wadudu, akamtania tena kidogo, kisha akaacha.

Jua likaanza kuinama. Eveline akafunga kanga kiunoni, akabeba boksi mikono miwili, akasema, "Haya, mke mwenzangu, mtunze mume wetu." Nikasimama nimsindikize. Nilimtazama Baba Jofrey. Sikumkonyeza, sikukohoa. Nilimtazama tu, vile ninavyomtazama mtu aliyeshika mlango na hajui kama anaingia au anatoka.

Mtoto alikuwa ameshavuka kizingiti, mguu mmoja barazani.

"Eveline."

Akageuka. Nami niligeuka. Tangu abatizwe sijui kama babu yake alishawahi kumwita hivyo.

"Abee, babu."

"Rudi kidogo. Weka boksi chini."

Akaweka. Uso wake ulikuwa bado na kicheko pembeni, ukawa unakitafutia pa kukiweka. "Babu, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Alikuwa amesimama, fimbo imeegemea kiti, hakuishika. "Yale ya mchana yalikuwa utani. Haya siyo utani. Namtaka huyo kobe abaki hapa."

Eveline alinitazama mimi kama ninaweza kumfafanulia, nikatazama boksi.

"Nikitembea peke yangu huko njiani," Baba Jofrey akasema, "watu wanaona mgonjwa anapita. Wananipa pole mpaka nachoka. Nikitembea na huyu, wanamwona yeye. Niachie, mwanangu. Nataka kutembea."